Kiti Kando ya Jaji

Mtendaji wa mtaa alipiga hodi wakati Eufrasia amemkumbatia mumewe kifuani, yuko katikati ya kumgeuza. Hakuweza kumwachia. Akaitikia kwa sauti ya mtu aliyebanwa, "Karibu, subiri hapo hapo mlangoni," kisha akamlaza Gervasi taratibu kwa ubavu wa kushoto, akampachika mto mgongoni, akasimama ameshika kiuno chake mwenyewe. Mgongo ulimuuma hata akaona vimulimuli.

Gervasi alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini Kigoma, mtu wa kubeba magunia mawili kwa mpigo huku anapiga soga. Mwanzoni mwa mvua aliamka upande mmoja umekufa na maneno yamemkauka kinywani. Hospitali wakamrudisha nyumbani Kasingirima na agizo moja: ageuzwe mara kwa mara mchana kutwa, la sivyo vidonda vya kulala vitamla. Tangu siku hiyo mkewe aliuza sabuni zake za mawese pale pale kizingitini, asije akaenda sokoni na kumkuta ameoza ubavu.

"Shikamoo, Mama Marsiana," alisema mtendaji. Marsiana alikuwa binti yao, ameolewa Mpanda na ana watoto wadogo.

"Marahaba. Kwema huko utokako?"

"Kwema kiasi. Nimekuletea samansi."

"Samansi? Nimemkosea nani mimi?"

"Hujamkosea mtu. Umechaguliwa mzee wa baraza. Jaji anakuja kusikiliza kesi za mauaji."

Miaka ile jaji hakusikiliza kesi ya mauaji peke yake. Walitafutwa raia watatu, wake kwa waume, wenye umri wa kuheshimika, wakaketi kando yake mpaka mwisho, kisha kila mmoja akatoa maoni yake: ana hatia au hana. Jaji aliandika maoni hayo, na baada ya hapo aliamua anavyoona yeye. Lakini bila wao kesi haikuwa kesi.

"Baba, humuoni huyu?" Eufrasia alionyesha kitandani kwa kidevu. "Nimwache na nani?"

Mtendaji alimtazama Gervasi, akatazama chini. "Namuona, mama. Lakini mimi nimetumwa. Kaseme mwenyewe mahakamani."

Akaenda kusema. Karani wa mahakama, bwana aliyeitwa Bonifasi, alimsikiliza huku anapanga mafaili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesikia shida za watu mpaka masikio yakaota sugu.

"Nani mgonjwa, wewe au yeye?"

"Yeye."

"Yeye hakuitwa." Akafunga faili. "Ungekuwa wewe unaumwa, ungeleta cheti cha daktari. Usipofika bila cheti, unatafutwa na polisi. Jumatatu, mama, saa mbili. Na uvae nguo ya heshima."

* * *

Siku za mwanzo majirani walijitahidi. Mmoja aliingia asubuhi, mwingine mchana, wakamgeuza Gervasi wakijua au wasijue wanavyofanya. Lakini kila mtu ana jiko lake. Siku ya tatu Eufrasia alirudi jioni akamkuta mumewe amelala pale pale alipomwacha alfajiri, shuka limelowa, macho yameelekea mlangoni. Hakumlaumu mtu. Alichota maji, akamsafisha, akakuta kwenye nyonga wekundu wa mviringo kama kizibo. Alijua wekundu ule unaitwaje.

Kesho yake alfajiri akaja Merina.

Eufrasia alimfahamu kwa sura tu. Alikuwa mwanamke wa Kikongo wa miaka thelathini na kitu, mfua nguo za watu, aliyekuwa akipita kununua vipande vya sabuni vilivyovunjika. Miaka ile kambi zilikuwa zimejaa watu kutoka ng'ambo ya ziwa, na mkimbizi kuonekana mjini bila kibali lilikuwa kosa. Hata hivyo walikuwapo, wanafua, wanapasua kuni, wanavua, na mtaa ulijifanya hauoni.

"Mama, nasikia hauna mtu wa kubaki na mzee," Merina alisema amesimama nje. "Miye naweza kubaki."

"Sina cha kukulipa, mwanangu."

"Utanipa chakula cha mchana na sabuni ya kufulia. Inatosha."

Akaingia. Hakumshika Gervasi makwapani kama walivyofanya wengine. Alikunja kitenge, akakipenyeza chini ya kiuno chake, akavuta upande mmoja kwa mikono miwili huku ameegemeza goti kitandani, na yule mtu mzito akageuka bila kuguna. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la moto tangu kiganjani hadi kiwikoni, ngozi imekunjamana na kung'aa. Gervasi alimtazama muda mrefu. Kisha akatoa neno moja, la kwanza kwa siku nyingi lisilokuwa "maji" wala "geuza".

"Vizuri," alisema.

Eufrasia aliondoka kwenda mahakamani na moyo mwepesi kidogo. Kwa siku zote zilizofuata alirudi akamkuta mumewe mkavu, amelishwa, amegeuzwa. Ule wekundu ukaanza kufifia.

* * *

Kesi yenyewe ilikuwa ya Elikana, kijana wa Kikongo aliyekuwa kibarua kwenye mitumbwi ya kuvulia dagaa pale Bangwe. Mwenye mitumbwi, Lukas, alikutwa asubuhi moja amekufa ufukweni, kichwa kimepasuliwa. Karabai moja ya Lukas, taa ile ya kuvutia dagaa usiku, ilikutwa kwa Elikana. Alikamatwa siku hiyo hiyo. Kosa la mauaji halina dhamana, na kikao cha jaji hakikuja upesi. Alikuwa amekaa mahabusu zaidi ya miaka minne akisubiri siku ya kusikilizwa. Alipopandishwa kizimbani, suruali ilikuwa imefungwa kiunoni kwa kamba ya katani.

Eufrasia aliketishwa kulia kwa jaji. Kushoto waliketi Feliksi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na Anatoli, mzee mwenye shamba la michikichi, aliyekuwa akisinzia tangu siku ya kwanza. Shahidi alisema sentensi moja, akanyamazishwa, jaji akaandika kwa mkono, kisha shahidi akaruhusiwa kusema nyingine. Maneno yalitoka kwa Kiswahili na kuingia karatasini kwa Kiingereza. Mawakili walipobishana kwa Kiingereza, wazee wa baraza walitazamana, na Elikana kule kizimbani alitazama midomo yao, mmoja baada ya mwingine, kama kiziwi.

Mchana mawakili waliondoka na gari. Wazee wa baraza hawakupewa chakula. Posho, waliambiwa, ni mwisho wa kesi. Eufrasia alikuwa akila muhogo wake wa kuchemsha nyuma ya jengo, asionwe na watu akitafuna, maana askari wa getini alikuwa amekwisha kumtania mbele ya watu: "Mzee wa baraza gani unatembea na kikapu?" Kila asubuhi askari huyo huyo alikipekua, ingawa alimjua.

Ni huko nyuma ya jengo ndiko Yakobo, mdogo wake marehemu Lukas, alikomkuta. Alisimama kando, hakumtazama usoni.

"Mama, wewe ni mwenyeji wa hapa. Sisi ni wenyeji. Yule ni mtu wa kuja."

"Usinisemeshe, baba. Nimekatazwa."

"Nani anakusemesha? Nimepita tu." Akatema mate pembeni. "Ila Kasingirima si mbali. Tutasikia ulichosema."

Eufrasia aliacha kutafuna muhogo. Aliurudisha uliobaki kikapuni.

Katika juma la pili Anatoli hakuja. Malaria ilikuwa imempanda kichwani, wanawe walisema, anaweweseka. Jaji aliwauliza mawakili, akaandika kwa muda mrefu, akasema kesi itaendelea na wazee wawili.

Wakiwa kwenye benchi la nje Feliksi alimwambia Eufrasia kwa sauti ya chini, "Unajua maana yake? Wawili ndio mwisho. Mmoja wetu akipungua, kesi imekufa. Inaanza upya, jaji mwingine, wazee wengine."

"Lini?"

"Kikao kijacho. Mwakani, mwaka wa kesho kutwa, nani ajuaye? Wenzetu wa mahakama huhesabu mafaili, hawahesabu watu."

"Na huyu kijana?"

"Anarudi ndani akasubiri."

Toka hapo Eufrasia aliogopa hata kujikwaa. Jioni alichemsha majani ya mchaichai akayanywa, yeye aliyekuwa hana homa.

* * *

Utetezi ulipofika, alikuja shahidi mmoja tu: mzee Leonardi, fundi wa karabai, ambaye wakili wa utetezi alihangaika mpaka akapatiwa kibali cha kutoka kambini. Alisema ile karabai aliletewa na Elikana kuitengeneza wakati Lukas yu hai, na kwamba Lukas mwenyewe alikuja kuikagua ikiwa bado kwake. Hakupamba kitu. Wakili wa serikali alimgeuza huku na huku, na yule mzee akarudia maneno yale yale, mpaka jaji akamwambia ashuke.

Eufrasia aliamini. Alijikuta ameamini jinsi mtu anavyojikuta ameshiba. Mtu haibi taa aliyotumwa na mwenyewe kuipeleka kwa fundi.

Siku ya mwisho ya ushahidi alisimama Elikana mwenyewe. Alisema usiku ule hakuwa Bangwe.

"Ulilala wapi?" wakili wa serikali aliuliza.

"Kwa dada yangu. Kasingirima, nyuma ya kinu cha mawese."

"Dada yako huyo yuko wapi? Mbona hatumuoni hapa?"

Elikana alimtazama wakili wake. Huyo alimtikisia kichwa kidogo, lakini wakili wa serikali alimkalia kooni. "Tunakuuliza. Au dada huyo umemzaa leo asubuhi?"

Watu wakacheka.

"Yupo," alisema Elikana. "Hana kibali. Akikuja hapa mutamukamata."

"Ana jina?"

"Merina."

"Wako akina Merina wengi. Tutamjuaje?"

"Ana kovu la moto mkono wa kushoto, tangu hapa mpaka hapa." Alijishika kiganja, kisha kiwiko. "Walichoma nyumba yetu. Yee njo alinitoa motoni."

Eufrasia alikuwa ameweka mikono mapajani. Asubuhi ile ile alikuwa ameuona mkono ule umepita chini ya shingo ya mumewe, umekiinua kichwa chake, na mkono wa pili unampa uji. Jaji aliandika. Kalamu yake ilikwaruza karatasi, na Eufrasia akawa hasikii kitu kingine.

* * *

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado liko juu ya milima ya Kongo. Merina alikuwa akimkata Gervasi kucha.

Eufrasia aliketi bila kuvua viatu. "Merina, una kaka?"

Merina hakushtuka. Alimaliza kidole alichokuwa nacho, akaweka wembe chini. "Wamenitaja?"

"Wamekutaja. Mpaka mkono wamekutaja."

Gervasi aliwatazama, mmoja kisha mwingine.

"Ulinijua tangu siku ya kwanza," Eufrasia alisema.

"Nilikujua, mama."

"Ukaja kuninunua. Nimekuacha na mume wangu, kumbe umekuja kuninunua kwa mikono yako!"

"Hapana." Sauti ya Merina haikupanda. "Nimekuomba nini? Siku hata moja, nimekuuliza ya kule?"

Ni kweli, hakuwahi kuuliza. Hata Eufrasia aliporudi amechoka na kusema peke yake, "leo jamani," Merina alichukua kitenge chake akaaga.

"Sasa ulikuja kufanya nini?"

"Majirani wako walikuwa wanasema kisimani wamechoka. Wanasema huyu mama hatafika mwisho, ataacha mahakama abaki na bwana yake. Na miye nilikuwa nimeambiwa, mzee wa baraza akikosa, kesi inaanza upya. Tayari ilishaahirishwa mara hazihesabiki. Njo maana nilikuya. Nilisema, huyu mzee akigeuzwa, mama atakwenda. Mama akienda, watamaliza." Alijifuta uso kwa kiganja. "Waseme ana hatia, waseme hana. Wamalize tu."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akiimba anachunga bata.

Eufrasia alitamani kukasirika, na hasira haikuja. Alikuwa amechoka mno. "Unajua nikinyamaza ni kosa?"

"Najua."

"Na nikisema?"

"Hiyo pia najua."

"Kesho usije," Eufrasia alisema. "Wanaweza kukutafuta hapa. Tena nenda sasa hivi."

Merina alimgeuza Gervasi kwanza, maana wakati ulikuwa umefika. Kisha akaenda.

* * *

Asubuhi Eufrasia alimgeuza mumewe, akamwekea kikombe cha maji mahali ambapo mkono wake mzima ungefika, akafunga mlango. Alifika mahakamani mapema akamkuta Feliksi benchini. Siku ile jaji angewafafanulia ushahidi, nao wangetoa maoni.

"Mwalimu," alisema, "ikijulikana baadaye kwamba mzee wa baraza alikuwa anafahamiana na ndugu wa mshitakiwa?"

Feliksi aligeuka taratibu. "Hukumu inavunjwa huko juu. Hata kama aliachiwa, anaweza kurudishwa ashitakiwe tena." Kisha akainua kiganja. "Usiniambie zaidi, mama. Ukiniambia, na mimi nitakuwa nimejua."

Mtaa mzima ulikuwa umeuona ule mkono wenye kovu ukianika mashuka ya Gervasi uani. Na jana, Yakobo alikuwa amekaa safu ya mbele. Leo asingejua, labda. Kesho angeambiwa na mtu dukani. Elikana angekuwa ametoka, ameshalala kitandani kama watu, ndipo waje wamchukue tena. Eufrasia alijaribu kulipima hilo kama anavyopima magadi ya sabuni, akashindwa. Kulikuwa na jambo jingine, dogo zaidi, alilolionea haya: alikuwa ameapa ameshika Biblia, na aliogopa.

Akainuka kwenda kwa Bonifasi.

Walimwingiza katika chumba cha jaji, na mawakili wote wawili wakaitwa. Alisema yote amesimama. Hakumtetea Merina wala hakumchongea. Alisema alivyokuja, alivyofanya kazi, na kwamba hakuuliza kitu.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza wakili wa serikali.

"Ameondoka jana. Sijui alikokwenda."

Jaji alivua miwani, akabonyeza macho kwa vidole. Bila miwani alionekana mzee kuliko Anatoli. "Mama, ungenyamaza, pengine nisingejua kamwe."

"Naelewa, mheshimiwa."

"Na sasa nimejua."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Huwezi kuendelea. Na mwenzako peke yake hatoshi." Alivaa miwani. Wakili wa utetezi alimtazama Eufrasia kama unavyomtazama mtu aliyemwaga chakula cha wenzake, si kwa makusudi, lakini kimemwagika.

Waliporudi kwenye ukumbi wa mahakama Eufrasia hakuwa tena na kiti. Alisimama nyuma, karibu na mlango, na watu. Jaji alieleza kwamba kwa sababu zilizojitokeza mwenendo wote umefutwa, na shauri litasikilizwa upya mbele ya jaji mwingine na wazee wengine wa baraza. Mshitakiwa arudishwe mahabusu.

Elikana alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Leo nimekosa nini?"

"Leo hujakosa kitu," alisema jaji.

"Sasa narudi kwa kosa la nani?"

Jaji alifunika kalamu yake. Kisha akawafanyia askari ishara, akainuka, na wote wakainuka.

Mlangoni Eufrasia alimkuta Bonifasi, akamuuliza habari ya posho. Hakuwa na uso wa kuuliza, lakini nyumbani hapakuwa na unga. "Posho ni ya aliyemaliza, mama," karani alisema. Baadaye akaongeza, kwa upole aliokuwa nao, "Nenda kapumzike."

* * *

Gervasi alikuwa ameteleza kutoka kwenye mto. Kikombe kilikuwa sakafuni. Alikuwa amelala kifudifudi nusu, na ile nyonga iliyokuwa imeanza kupona ilikuwa imechubuka tena. Eufrasia alimsafisha, akapaka dawa, akaketi sakafuni ameegemea kitanda. Mkono mzima wa Gervasi ulishuka, ukatua kichwani pake, ukabaki hapo.

Magharibi Merina akaja. Eufrasia alimuona akivuka ua, akajiandaa kutukanwa. Aliona ni haki yake. Merina hakutukana. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akakunja kitenge.

"Kuja huku, mama. Angalia mikono yangu."

"Merina, mwanangu, mimi..."

"Angalia mikono. Wewe unamubeba, njo maana mugongo unakuuma. Usimubebe. Pitisha nguo hapa chini. Goti weka hapa. Sasa vuta, usinyanyue."

Eufrasia alivuta. Gervasi akageuka.

"Tena."

Walifanya tena, na tena, upande huu na upande ule, mpaka Eufrasia akaweza peke yake, na Gervasi akafumba macho kwa uchovu wa kugeuzwa. Merina alikiacha kitenge pale kitandani.

"Nakwenda kambini," alisema. "Nitajitoa mwenyewe kwa wakubwa wa kule. Wakitaka kunifunga wanifunge, lakini waniandike. Nikishaandikwa, watanipa kibali cha kuja kusimama pale, niseme mwenyewe alilala kwangu. Nilijificha kwa sababu ya kuogopa. Kaka yangu njo alikaa ndani."

"Utanisamehe?"

Merina alifikiri kwanza, kama mtu aliyeulizwa kitu cha kweli. "Leo hapana," alisema, akaaga.

* * *

Gervasi hakuziona mvua zilizofuata. Hakufa kwa vidonda. Homa ya mapafu ilimchukua, na waliomuosha walisema ngozi yake ilikuwa safi. Eufrasia alirudi kuuza sabuni sokoni.

Kikao kingine kilikuja baada ya zaidi ya mwaka. Leonardi, yule fundi wa karabai, hakupatikana tena. Alikuwa amevuka ziwa kurudi kwao, wengine walisema amekufa. Lakini Merina alisimama, ana kibali mkononi, akaonyesha mkono wake. Wazee wapya wa baraza walikuwa watatu na hakuna aliyeugua. Kesi iliyokuwa imemla Elikana karibu miaka sita ilikwisha katika siku chache tu. Jaji alisema ushahidi hautoshi, mshitakiwa aende zake. Yakobo na ndugu zake walitoka wanalia kwa hasira, maana na wao walikuwa wamesubiri miaka ile ile, na bado hawakumjua aliyemuua ndugu yao.

Siku ya tatu, kabla ya gari la kuwarudisha kambini kuondoka, Merina alikuja Kasingirima na kaka yake kumsalimia mzee Gervasi. Hakuwa amesikia msiba. Aliposikia, aliketi kizingitini akafunika uso kwa upande wa kanga.

Elikana alibaki amesimama. Huko nje, juani, alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana kizimbani, na nywele zake zilikuwa zimeota mvi mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akamtazama Eufrasia kwa muda. "Wewe njo ulikuwa unakaa kulia kwa jaji. Ile mara ya kwanza."

"Ni mimi."

Eufrasia alisubiri. Alikuwa amejiandaa kwa maneno haya tangu siku ile, kila aina ya maneno.

"Kila asubuhi kule ndani nilikuwa naomba Mungu kwa ajili yako," alisema Elikana. "Yule mzee mwenzenu alipoumwa, basi nikawa naomba wewe na mwalimu. Nasema, Mungu, huyu mama asipate malaria. Asianguke njiani. Asipate hata mafua."

Eufrasia alishika mwimo wa mlango.

"Sikupata," alisema. "Hata siku moja sikuumwa."